Draiva zisizotumika kwenye kerneli ya Linux: tuzifute, tuzifunge au tuziache zilale?

#1 – Mleta mada

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniletea kompyuta mpakato yake, Ubuntu imegoma kuwaka. Namuuliza umeifanya nini, anasema aliona video ya mtu anaelekeza namna ya "kuisafisha" Linux: ingia /lib/modules, futa mafolda ya draiva (programu zinazoendesha vifaa) usizozitumia, mashine itakuwa nyepesi. Akafuta. Akaizima, akaiwasha, ikawaka vizuri kabisa, akaamini kazi imekwenda sawa.

Ilichowakia ni nakala. Draiva ya diski yake, nvme, ilikuwa na nakala nyingine ndani ya initramfs, ule mfuko mdogo ambao kerneli, kiini cha Linux, inaufungua kwanza kabla haijaifikia diski. Siku mbili baadaye alipofanya apt upgrade, mfuko ule ukafungwa upya kutokana na kilichobaki kwenye /lib/modules, na nvme haikuwemo tena. Asubuhi yake akakutana na skrini nyeusi na kidokezo cha initramfs kinamsubiri aandike amri asiyoijua. Nikawasha kwa flashi, nikaingia kwenye mfumo wake kwa chroot, nikarudisha kifurushi cha moduli kwa apt install --reinstall, nikafunga mfuko upya kwa update-initramfs -u. Kazi ya nusu saa, lakini yeye alikuwa na ripoti ya chuo ndani ya mashine hiyo na uso wake ulionyesha.

Ndiyo sababu nimefungua uzi huu. Kuna mambo mawili watu wanayachanganya: wewe kuondoa draiva kwenye mashine yako, na watunzaji wa kerneli kuondoa draiva kwenye kerneli yenyewe kwa ajili ya dunia nzima. Nianze na hili la kwanza.

Draiva nyingi za Linux ni moduli, faili zenye kiambishi cha .ko zilizolala kwenye diski. Mashine inapowaka kila kifaa kinajitaja kwa namba zake, modprobe inatafuta moduli inayolingana na namba hizo, inapandisha hiyo tu. Zilizobaki zinaendelea kulala. Hazigusi RAM wala prosesa. Zinachokula ni nafasi ya diski, basi. Kwa hiyo anayekwambia futa draiva ili mashine iwe nyepesi anakupoteza, na ukifuta faili kwa mkono meneja wa vifurushi hana habari. Sasisho lijalo la kerneli litazirudisha zote kama zilivyokuwa.

Kama unataka kujua kifaa chako kipi kinabebwa na draiva ipi, usikisie:

`lspci -k`

Kila kifaa kilichopata draiva kitakuja na mstari wa "Kernel driver in use". Hapo ndipo pa kuanzia. Karibuni.

#2

Ahsante kwa madini mkuu. Mimi nina Dell ya zamani, RAM 2GB, diski ya kuzunguka. Ina maana haitapata unafuu wowote? Na nikiandika lsmod (orodha ya moduli zilizopanda) naona moduli kibao zina 0 kwenye safu ya "Used by". Hizo 0 si ndiyo hazitumiki?

#3 – Mleta mada

Hiyo 0 imeponza wengi. Ile safu inahesabu ni moduli nyingine ngapi au programu ngapi zimeishika moduli hiyo, haihesabu kama kuna kifaa kinafanya kazi kupitia humo. Nenda kwenye mashine yoyote yenye kadi ya mtandao ya Realtek, tazama r8169: mara nyingi utaikuta na 0 huku wewe unapakua faili kupitia kadi hiyohiyo. Ukiamini 0 ukaandika modprobe -r r8169, kerneli haitakubishia. Itaishusha na mtandao utakatika hapohapo. Kama uliingia kwa SSH kwenye seva iliyo mkoa mwingine, jiandae kwa safari.

Kuhusu Dell yako, upo unafuu mdogo, ila si wa kufuta chochote. Fungua /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, utakuta MODULES=most. Maana yake mfuko wa kuwashia unabeba draiva za karibu kila diski na kidhibiti duniani ili uwake popote. Ukiandika MODULES=dep, kisha update-initramfs -u, unabeba za mashine hiyo tu. Mfuko unapungua, na kwenye diski inayozunguka utaiona tofauti kidogo wakati wa kuwaka. Wenye kizigeu kidogo cha /boot kinachojaa kila mara watapumua pia. Tahadhari: siku ukichomoa diski hiyo ukaipachika mashine nyingine, inaweza isiwake. Kwa hiyo mafundi tunaohamisha diski kila siku, tuache most.

#4

Naomba nichangie upande wa usalama, maana nasimamia seva na huku ndiko ninakoumia.

Mleta mada kasema sawa kwamba moduli iliyolala haili RAM. Lakini kulala kwenyewe si kufa. Baadhi ya moduli mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka yoyote anaweza kuziamsha. Mfano ninaowapa vijana wangu kila mara ni n_hdlc. Ipo kwa ajili ya kadi za mawasiliano za SyncLink, vifaa ambavyo sijawahi kuviona kwa macho. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama Alexander Popov alitangaza tundu la usalama ndani yake, lenye namba CVE-2017-2636. Lilikuwemo tangu 2009. Na kulitumia hakukuhitaji kuwa na kadi hiyo. Mtu anafungua terminali bandia, anaiambia kerneli "hii itumie n_hdlc", kerneli kwa ukarimu wake inapandisha moduli, na yeye anatoka upande wa pili akiwa root, mwenye mamlaka yote ya mashine.

Mwezi mmoja kabla ya hapo Andrey Konovalov alikuwa ameonyesha tundu la namna hiyohiyo kwenye DCCP, CVE-2017-6074. DCCP ni itifaki ya mtandao, si draiva ya kifaa, ila ugonjwa ni mmoja: msimbo uliokuwemo tangu 2005, karibu hakuna anayeutumia, na usambazaji mwingi wa Linux (kama Ubuntu) uliusafirisha kama moduli inayosubiri kuitwa. Mwaka 2021 ikaja zamu ya iSCSI, njia ya kufikia diski kwa mtandao: matundu matatu yaliyokaa miaka kama 15.

Kwa hiyo kwenye seva mimi nafunga. Na hapa sikilizeni vizuri, maana wengi wanaandika blacklist na kulala usingizi. blacklist inazuia tu moduli isipandishwe yenyewe kwa jina lake la utambulisho wa kifaa. Mtu akiiita kwa jina lake halisi, au moduli nyingine ikiihitaji, inapanda kama kawaida. Ninachoandika kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d/ ni hiki:

```
install n_hdlc /bin/false
install dccp /bin/false
```

Kisha update-initramfs -u, kwa sababu mfuko wa kuwashia una nakala yake ya mipangilio hiyo. Na kwenye seva ambazo najua hazitachomekwa kitu kipya, zikishawaka na huduma zote zikishapanda, namalizia na sysctl kernel.modules_disabled=1. Baada ya hapo hakuna moduli inayoingia, hata root mwenyewe hawezi, mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Jaribuni kwanza kwenye mashine msiyoitegemea.

#5

Mimi natofautiana kidogo na mwelekeo wa huu uzi, mtanisamehe.

Nina duka la steshenari na kompyuta zangu zote ni za mitumba. Printa ninayotolea risiti za nakala tatu ni Epson LX-300, inatumia ile soketi pana ya parallel. Kila nikisoma habari za kerneli nakuta "draiva fulani imeondolewa, ni ya zamani, hakuna anayeitumia". Nani kawaambia hakuna? Waliniuliza mimi? Kifaa kilichotupwa huko Ulaya mwaka 2005 ndicho kilicholetwa huku kwa kontena, tukakinunua kwa hela yetu na kinafanya kazi mpaka leo. Wanaposema hakuna mtumiaji wanamaanisha hawamjui mtumiaji.

Na zaidi ya hapo, kuna fundi alikuja kunifungia draiva "zisizotumika" kama alivyoeleza mkuu wa #4. Alifunga parport_pc. Kesho yake asubuhi nina wateja sita kwenye foleni, printa imewaka taa, karatasi imekaa, na haitoi hata mstari. Hakuna ujumbe wa kosa unaoeleweka. Nilizunguka siku nzima nikidhani kebo imekufa, nikanunua nyingine.

#6 – Mleta mada

Mkuu wa #5, pole. Yule fundi alipaswa kukuuliza una printa gani kabla ya kugusa kitu. CUPS, mfumo wa kuchapisha, kwenye Debian na Ubuntu huomba lp, ppdev na parport_pc zipande wakati wa kuwaka, lakini zikishafungwa kwa install ... /bin/false hazipandi, na printa yako inakuwa kama haipo. Ndiyo sababu orodha ya kufunga hainakiliwi kutoka intaneti. Orodha ya seva ya mkuu wa #4 si orodha ya steshenari.

Sasa hoja yako kubwa, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Naomba mnivumilie, hapa nitakaa kidogo.

Kerneli ni kubwa mno. Mwanzoni mwa 2025 hesabu ya mistari yote, ukijumlisha maelezo na mistari mitupu, ilivuka milioni 40, na zaidi ya nusu ni draiva. Ungedhani wanafuta ili kupunguza ukubwa. Sivyo. Draiva ya zamani ambayo haiguswi haina gharama kubwa kuitunza kwenye diski. Gharama inakuja pale inapobidi iguswe. Kerneli haina mkataba wa kudumu na draiva zake za ndani: mtu akibadilisha namna vipima muda vinavyoitwa, kama alivyofanya Kees Cook, mmoja wa waandishi wa kerneli, mwaka 2017, lazima apite kwenye mamia ya draiva na kubadilisha kila moja. Draiva yenye mtunzaji, mtunzaji anaijaribu kwenye kifaa. Isiyo na mtunzaji, inabadilishwa na mtu ambaye hana kifaa, hajawahi kukiona, anachoweza kuthibitisha ni kwamba msimbo unakubali kujengwa. Baada ya miaka kumi ya mabadiliko ya namna hiyo, unaweza kukuta draiva imekufa zamani na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo kipimo chao si umri. Tazama mwenyewe. Itanium, prosesa ya Intel na HP, ilitoka 2001, usafirishaji wa mwisho ukawa 2021, na kwenye Linux 6.7, Januari 2024, ikawa haimo. Lakini m68k, ya mashine kama Amiga na Atari za miaka ya 1980 na 1990, bado imo ndani. Ya zamani imebaki, mpya imetoka. Tofauti ni kwamba m68k ina watu, akiwemo Geert Uytterhoeven, wanaowasha mashine hizo, wanajaribu kila toleo na kujibu barua. Itanium ilipofikia wakati wa kuulizwa nani atabeba mzigo, hakupatikana.

Mfano mwingine ni flopi. Mwaka 2019 aliyekuwa mtunzaji wa draiva ya flopi alisema hana tena kifaa kinachofanya kazi, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaiandika kuwa yatima. Wengi walidhani ndiyo mwisho. Akajitokeza Denis Efremov, akasema nitaichukua mimi. Ipo mpaka leo. Mtu mmoja tu.

Upande wa pili, angalia zilizokosa mtu. Linux 4.17 ya mwaka 2018 iliondoa familia nane za prosesa kwa mkupuo, kazi iliyoongozwa na Arnd Bergmann, karibu mistari nusu milioni. Toleo hilohilo likaondoa IrDA, ile infraredi tuliyokuwa tunatumiana milio ya simu kwa kuweka Nokia mbili uso kwa uso mezani. IrDA haikufutwa ghafla. Ilihamishwa kwanza kwenye drivers/staging, folda ya msimbo ambao haujafikia kiwango, katika 4.14 na kuachwa hapo matoleo kadhaa, atakayelalamika alalamike. Draiva za zamani za diski za IDE ziliondoka 5.14 mwaka 2021 kwa sababu libata, mfumo mpya zaidi wa draiva za diski, ilikuwa imeshabeba kazi ile muda mrefu. Draiva za grafiki za i810, r128, savage na wenzake ziliondoka 6.3. Mfumo wa faili wa ReiserFS ulitangaziwa kifo 2022, ukatolewa 6.13 mwanzoni mwa 2025. Na DCCP ya mkuu wa #4 imeondolewa 6.16.

Ona mwendo wa mambo hayo: kila mara kuna kipindi cha kungoja, na katika kipindi hicho wanachosikiliza ni barua. Huku kwetu barua hazitoki. Hoja ya mkuu wa #5 ni ya kweli na inaniuma: kifaa kipo, mtumiaji yupo, ila kwenye meza inapoamuliwa yeye ni kimya, na kimya kinasomwa kama hakuna mtu. Nadhani dawa si kuwaomba wasifute chochote, maana draiva isiyojaribiwa na mtu ni tundu kama yale ya 2017. Dawa ni wenye vifaa tuonekane.

#7

Hapo kwenye kuonekana nakubaliana. Mimi nilijifunza kwa njia nyingine. Nilijenga kerneli yangu kwa make localmodconfig. Kwa wasioijua: inasoma lsmod ya wakati huo na kuzima kila moduli ambayo haijapanda. Badala ya kujenga moduli maelfu unajenga zako mia na kitu, na mashine yangu ambayo ilikuwa inajenga usiku kucha ikamaliza kabla sijarudi kula.

Nikaiwasha. Kila kitu safi. Jioni umeme ukakatika, ruta ikazima, nikachomeka simu kwa USB nitumie bando. Kimya. Simu inachaji tu. Draiva ya rndis_host, inayopokea intaneti ya simu kwa USB, haikuwa imepanda wakati naandika ile amri, kwa sababu simu haikuwa imechomekwa, kwa hiyo haikujengwa kabisa. Modemu yangu ya Huawei nayo ilichomekwa ikawa haiunganishi intaneti, maana moduli ya option, inayoendesha modemu za namna hiyo, nayo haikuwemo. Bahati kerneli ya zamani ilikuwa bado kwenye GRUB, menyu ya kuwashia.

Siku hizi nafanya hivi: kwa wiki kadhaa, kila ninapochomeka kitu naongeza lsmod kwenye faili. Simu, modemu, printa, flashi, projekta, kadi ya sauti ya mdogo wangu, hata diski yenye NTFS. Kisha ndipo:

`make LSMOD=/home/mimi/moduli-zangu localmodconfig`

Wanaotumia Arch wana modprobed-db, inakusanya yenyewe. Na usifute kerneli ya usambazaji mpaka yako imalize angalau mwezi.

#8 – Mleta mada

Mkuu wa #7 umegusa RNDIS, naomba wote mliangalie hili kwa jicho la karibu. Novemba 2022 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli, aliweka pendekezo la kuzima draiva zote za RNDIS, kwa hoja kwamba itifaki yenyewe haiwezi kufanywa salama ukichomeka kifaa usichokiamini. Kiusalama hoja yake ina uzito. Lakini simu nyingi za Android zinaposhiriki intaneti kwa USB zinazungumza RNDIS hiyohiyo. Simu mpya zimeanza kuhamia itifaki nyingine, NCM, ila hizi tunazouziana zikiwa na miaka sita au saba bado. Huku kompyuta inayopata intaneti kwa waya wa simu si jambo la dharura, ndiyo intaneti ya mtu. Draiva kama hii, mtu akiuliza nani anaitumia, jibu linatakiwa litoke huku.

#9

Mimi wa #5 tena. Sasa mtu wa kawaida kama mimi ataandikaje? Sijui kuandika msimbo, na Kiingereza changu ni cha dukani.

#10 – Mleta mada

Hauhitaji msimbo mkuu. Ndani ya msimbo wa kerneli kuna faili linaitwa MAINTAINERS. Kila sehemu imeandikwa nani anaitunza, barua pepe ya kundi lake, na hali yake. Ukikuta Supported au Maintained, kuna mtu. Odd Fixes, kuna mtu ila hana muda. Orphan ni yatima. Obsolete ina maana kuna mbadala, na hizo ndizo zinazofuata njia ya kutoka. Tafuta neno parport humo uniambie umekuta nini.

Barua yenyewe mistari minne inatosha: kifaa gani, kinafanya kazi gani kila siku, kerneli toleo gani (uname -r), na matokeo ya lspci -nnk ya kadi hiyo. Wale watu wanapokea barua fupi zenye Kiingereza cha kila aina. Wanachotaka kujua ni kwamba kifaa kipo na kuna mtu atajaribu wakimwomba.

#11

Nimekuta: PARALLEL PORT SUBSYSTEM, hali Maintained. Nimefurahi kusema kweli. Na kadi yenyewe hii hapa, niliipachika mwenyewe kwa sababu ubao hauna soketi. Kwenye lspci -nnk inasema "Kernel driver in use: parport_serial", si parport_pc peke yake kama alivyodhani yule fundi.

#12 – Mleta mada

Safi sana. parport_serial inaitegemea parport_pc, ndiyo maana alipofunga moja zote mbili zikagoma. Sasa hapo dukani unatumia kerneli gani? Kama ni 6.1 ya Debian 12, nina flashi yenye kerneli mpya zaidi. Jumamosi baada ya kufunga duka nikija, tunawasha kwa flashi bila kugusa diski yako, tunatoa risiti tatu kwenye LX-300, na barua tunaiandika hapohapo kaunta.